Jibu: gemu ya Simon inaganda baada ya kuongeza sensa ya umbali

Mkuu habari. Kama nimekuelewa, gemu yako ya Simon (ya kukumbuka mfuatano wa taa) ni ile ya kuunga mwenyewe yenye chipu ya ATmega328 na taa nne, umeongeza HC-SR04, sensa inayopima umbali kwa mawimbi ya sauti, ili mtu apitishe mkono badala ya kubonyeza, sasa sensa inasoma 0 muda wote na gemu inaganda kila raundi.

Anza na umeme, programu iache kwanza. HC-SR04 ya kawaida inataka volti 5, na gemu ikiwa ya betri 2 za AA hapo una volti 3 tu, mi nilihangaika siku mbili nabadilisha waya kumbe sensa haipati umeme wa kutosha. Ipe volti 5 kutoka USB, graundi uziunganishe pamoja, ila Echo (pini ya sensa inayotoa jibu, nayo hutoa volti 5) usiipeleke moja kwa moja kwenye chipu ya volti 3, unaweza kuiunguza, pitisha rizista ya kilo-om 1, halafu ya kilo-om 2 toka hapo kwenye chipu kwenda graundi.

Kuganda nako ni pulseIn, ile amri ya Arduino inayosubiri na kupima urefu wa mpigo wa Echo. Usipoiwekea muda inasubiri sekunde 1 nzima, hakuna taa wala sauti inayoenda. Andika pulseIn(echo, HIGH, 6000), yaani isubiri maikrosekunde 6000 tu, inafika karibu mita 1 maana kila sentimita sauti inachukua kama maikrosekunde 58 kwenda na kurudi. Ikirudi 0 maana yake hakuna mkono, usiihesabu kama umbali, la sivyo gemu itajibonyeza yenyewe.

Waya zako sijaziona, ikigoma tupia picha.