Maswali na Majibu: Faili Moja, Si Nyumba Nzima

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu Flatpak, njia ya kusakinisha programu za Linux zikiwa zimefungiwa sandukuni, na faili zisizofunguka. Nimechagua chache zinazowagusa wengi.

Nimesakinisha Firefox kwa Flatpak. Nikiandika file:///home na njia ya faili yangu, inasema faili haipo, nami naiona kwenye Nyaraka. Mbona inanidanganya? (Msomaji, Morogoro)

Haikudanganyi. Kwake faili hiyo kweli haipo. Programu ya Flatpak huishi ndani ya chumba, yaani sanduku, kinachojengwa na zana iitwayo bubblewrap, na katika folda zako Firefox huonyeshwa ile ya vipakuliwa tu. Bonyeza Ctrl+O, chagua faili kwenye dirisha litakalotokea, itafunguka.

Dirisha hilo si la Firefox, na wengi hawalijui hili. Firefox hupiga hodi kwa xdg-desktop-portal, lango la mfumo, kupitia D-Bus, njia ambayo programu huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na mfumo ndio unaochora dirisha. Mfumo ndio unaoziona folda zako zote, kisha ukishachagua unaipitishia programu faili hiyo moja. Angalia upau wa anwani baada ya kuifungua: badala ya /home utaona kitu kama /run/user/1000/doc/3f9a1c07/mkataba.pdf. Zile herufi na tarakimu ni chumba kidogo kilichotengwa kwa ajili ya faili yako. Ndiyo maana huulizwi tena kama unakubali. Ulipobofya jina la faili, ulikuwa umeshajibu.

Nitumie amri gani ili programu zangu za Flatpak zione kila kitu? (Wasomaji wanne, mwezi huu pekee)

Usitumie yoyote.

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado kila mtu anataka ile amri ya --filesystem=home aliyoiona kwenye video. Basi nieleze inafungua nini. Inafungua ~/.ssh, zilipo funguo zako za seva. Inafungua folda ya kivinjari ulichokisakinisha kwa njia ya kawaida, pamoja na nywila zilizohifadhiwa humo. Halafu inafungua ~/.bashrc kwa kuandikwa, si kwa kusomwa tu. Programu ikiongeza mstari mmoja humo, safari ijayo ukifungua terminali mstari huo utaendeshwa nje ya sanduku, kwa mamlaka yako. Hapo sanduku limekwisha kazi.

Majuzi niliketi mbele ya kompyuta ya mteja aliyelalamika kuhusu kitu kingine kabisa. Niliandika flatpak override --user --show, yakatoka haya:

[Context]
filesystems=host;

Yaani karibu faili zote za kompyuta. Alitaka kufungua picha moja. Lakini aliandika amri bila kutaja jina la programu, kwa hiyo ruhusa ikaenda kwa programu zote, zilizopo na zitakazokuja, na ilikuwa hivyo kwa miezi. Wewe pia iendeshe ile amri yangu ya --show sasa hivi. Ukikuta mstari kama huo, andika flatpak override --user --reset. Mgeni hukaribishwa barazani kwanza. Hapewi funguo za vyumba vya ndani kwa sababu tu amekuja kuleta barua.

Video inafunguka, lakini maandishi ya tafsiri hayaonekani, ingawa faili ya srt iko folda ileile. (Msomaji, Mombasa)

Hapa una haki ya kulalamika. Umechagua video, kwa hiyo video ndiyo iliyopita. Jirani yake wa srt amebaki nje, na programu haina njia ya kumwona. Ukurasa wa HTML wenye picha pembeni nao huharibika vivyo hivyo. Ni udhaifu wa kweli wa mpango huu, na sipendi wanaousifia wakilipita hili kimya.

Dawa ya haraka ni kuipakia srt kwa menyu ya programu yenyewe, ili nayo ipite mlangoni. Kama unatazama kila siku, toa ruhusa ya folda ya video peke yake, tena ya kusoma tu: flatpak override --user --filesystem=xdg-videos:ro, ikifuatiwa na jina la programu. Usisahau jina. Umeshaona yaliyompata mteja wangu.

Flashi yangu haionekani kwenye programu ya Snap. (Msomaji, Kigoma)

Snap ni njia nyingine kama Flatpak. Andika sudo snap connect jina-la-programu:removable-media. Ruhusa hiyo kwa kawaida haitolewi yenyewe.

Natumia Sway kupanga madirisha yangu. Nikibofya Fungua, hakuna dirisha linalokuja. (Msomaji, Nairobi)

Una lango la xdg-desktop-portal-wlr peke yake, nayo hushughulikia picha na video za skrini tu. Dirisha la faili haina. Sakinisha xdg-desktop-portal-gtk, toka, uingie tena.

Naandika programu kwa GTK, maktaba ya kuchora madirisha na vitufe. Je, niombe filesystem=host ili watumiaji wasipate shida? (Mwanafunzi, Eldoret)

Nakuomba usifanye hivyo, ndugu yangu. Wavivu waliotangulia ndio waliowazoesha watu kuona ruhusa hiyo kama jambo la kawaida. Tumia Gtk.FileDialog, iliyopo tangu GTK 4.10, au GtkFileChooserNative kwa matoleo ya nyuma hadi 3.20. Ndani ya sanduku zitapita langoni zenyewe bila wewe kuandika cha ziada. Ukihitaji faili na majirani zake, mwombe mtumiaji achague folda nzima. Lango linaliruhusu hilo. Wala usidhani haya ni mashaka ya watu wa Linux tu. Apple iliwalazimisha wanaouza kwenye Mac App Store kuingia sandukuni tangu Juni 2012, na huko pia dirisha la kufungulia faili huchorwa na mfumo, nje ya programu.

Nikishachagua faili, ruhusa huisha programu ikifungwa? (Msomaji, Zanzibar)

La. Hubaki, ndiyo maana orodha ya faili za karibuni huendelea kufanya kazi kesho yake. Andika flatpak documents, ufuatishe jina la programu, uone inachokishikilia mpaka leo. Ukikuta hati ya benki au cheti cha mtoto ulichokifungua mara moja tu, iondoe kwa flatpak document-unexport na njia ya faili. Faili yenyewe haifutwi, inafungwa ile njia ya programu kuifikia.