Shangazi, wenzangu wanaitikia "kila wakati", mimi nafumba mdomo

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, ni mwanakwaya katika usharika wa Kilutheri hapa Iringa. Mdogo wangu aliugua figo. Tulifunga, tukakesha, na nabii mmoja akatuambia tutoe sadaka ya mbegu kwa sababu mgonjwa ameshapona. Tukatoa laki tatu. Mdogo wangu akafariki Februari. Tangu hapo mchungaji akisema "Mungu ni mwema" na kanisa likaitikia "kila wakati", mimi nafumba mdomo. Mama anasema nimeingiwa na pepo. Naogopa nimemkufuru Roho Mtakatifu. Nijitoe kwaya? – Mwanakwaya, Iringa*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Hilo la kumkufuru Roho tulimalize kwanza, maana ndilo linalokunyima usingizi. Fungua Mathayo 12. Yesu amemponya kipofu aliyekuwa pia bubu, umati umeshuhudia, ndipo Mafarisayo wanasema anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Hao ndio walioonywa. Hawakuwa na hofu wala machozi. Walikuwa na uhakika mtupu. Wewe unaogopa kumpoteza Mungu, sasa utafananaje nao?

Kuhusu yule nabii sina maneno mengi. Aliyekuahidi kwamba mdogo wako amepona ni yeye, na laki tatu alipokea yeye. Mdai yeye ahadi yake. Na mtu akija tena kukwambia mgonjwa alikufa kwa sababu imani yenu ilikuwa haba, mwonyeshe mlango.

Ninayetaka umsome polepole ni Yohana Mbatizaji. Huyu alimbatiza Yesu kwa mikono yake, akamtangaza mbele za watu. Kisha Herode akamtia gerezani, na humo ndani akatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yohana, jamani! Yesu hakumkaripia. Aliwaambia wale wajumbe wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia, na walipoondoka akaugeukia umati akamsifu: katika waliozaliwa na wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana. Sifa hizo zilitoka siku ileile ya swali lake. Na gerezani hakutolewa. Alikatwa kichwa, wala hakuna mahali Injili inaposema ni kwa sababu aliuliza, au kwamba wanafunzi wake hawakufunga vya kutosha. Hapo mimi mwenyewe huwa nakwama. Kwa nini wengine waliponywa na huyu akaachwa? Sijui, na sitakutungia jibu.

Mama naye usimjibu kwa ukali. Amezika mtoto, sasa anaona wa pili anamponyoka, ndiyo maana anataja pepo. Siku mkiwa jikoni peke yenu mwambie, "Mama, sijamwacha Mungu, nimemkasirikia." Huenda na yeye ana lake alilolificha.

Usiku maombi yakikataa, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hiyo haigeuki, inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia ileile unayobeba Jumapili. Au sema kama yule baba wa kijana mwenye pepo katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto wake aliponywa kwa imani ya nusunusu namna hiyo.

Kwaya usijitoe, omba ruhusa. Mwambie mwalimu wa kwaya kwamba bado una msiba, upumzike mpaka baada ya Pasaka, lakini ibadani uende. Mwanafunzi Tomaso alikaa siku nane hajaamini kwamba Yesu amefufuka, na wenzake hawakumfukuza. Yesu alipokuja alimkuta mlemle ndani pamoja nao. Keti na watu wako. Ikifika "kila wakati" na huwezi kuitikia, nyamaza, wenzako wataitikia. Halafu katikati ya wiki nenda kwa mchungaji wako, umsimulie habari ya mdogo wako yote, pamoja na ile laki tatu. Akianza kukuhubiria kabla hujamaliza, mwombe asubiri kwanza.