Wasomaji Wanauliza: Kamanda mnyanyasaji na cheo kipya

SWALI: Kaka yangu alihamia Marekani kutoka Kenya, na sasa ni sajenti katika jeshi la nchi kavu la huko. Anasema kamanda wa batalioni yake huwatukana na kuwadhalilisha askari mbele ya wenzao, na majuzi ametajwa kupanda kuwa kanali. Inakuwaje? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Tazama nani anamwandikia tathmini. Afisa wa jeshi hilo hupimwa na mkuu wake wa karibu, kisha na mkuu aliye juu ya huyo. Walio chini yake hawaandiki neno. Mkuu huyo wa karibu ni kanali wa brigedi, yaani kikosi chenye batalioni kadhaa, naye hashindi na kamanda wa batalioni kutwa. Anachokiona ni magari mazima, alama za shabaha na ripoti zilizofika kwa wakati. Yote hayo hupatikana hata kwa kuwakamua watu. Hasara huja baadaye, masajenti hodari wanapokataa kuongeza mkataba. Kamanda hukaa batalioni miaka 2 hivi, kwa hiyo aliyeharibu anakuwa ameshaondoka na lawama zinamwangukia mrithi wake.

Kuna na ushindani. Mkuu wa juu anaruhusiwa kuwapa alama ya kwanza maafisa wasiofika nusu ya wale wa cheo kimoja anaowapima. Na tangu sheria ya 1980, afisa anayerukwa mara mbili katika kupandishwa cheo kwa kawaida huondolewa jeshini. Mtu akishajua kwamba riziki yake imo katika kalamu ya mkubwa mmoja, anayejikomba juu na kukanyaga chini hapotezi kitu.

SWALI: Kwani jeshi lenyewe halilioni hili? – Msomaji yuleyule

JIBU: Linaliona. Mwongozo wake wa uongozi wa 2012 ulieleza waziwazi uongozi wenye sumu. Ulikuwapo pia mpango wa kuwauliza walio chini na walio sawa, lakini afisa alijichagulia mwenyewe wa kumpima, na majibu yalimrudia yeye tu. Ulifutwa 2018, na kwa maoni yetu haukustahili kuliliwa.

Jaribio la maana lilianza Januari 2020 huko Fort Knox, Kentucky, kwa wanaotaka kuongoza batalioni. Walipimwa siku kadhaa: mazoezi ya mwili, uandishi, mahojiano na mwanasaikolojia, na maoni ya waliowahi kuwa chini yao. Katika usaili, pazia lilitenganisha mwombaji na wasaili ili sura na sifa za awali zisiamue. Zamani bodi ya uteuzi ilisoma faili la kila mtu kwa sekunde 90 hivi tu.

SWALI: Kaka afanye nini sasa? – Msomaji yuleyule

JIBU: Kwanza atenganishe ukali na unyanyasaji. Kuamshwa saa kumi alfajiri au kurudishwa kufanya kazi upya ni ukali. Kutusiwa mzazi, kunyimwa ruhusa ya daktari au kutishiwa cheo kwa kulalamika, hilo ni jambo jingine.

Aandike kila tukio siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yaleyale yaliyotamkwa, na waliokuwapo. Daftari likae nyumbani, wala lisiwe na siri za kijeshi. Malalamiko mengi hufa kwa sababu yamesema "kamanda ni mbaya" bila hata tukio moja lenye tarehe.

Kama yeye mwenyewe ametendewa, ipo Ibara ya 138 ya sheria ya kijeshi ya Marekani, inayomruhusu askari kumlalamikia kamanda aliyemkosea. Anamwandikia kamanda huyohuyo kwanza, akitaja kosa na marekebisho anayotaka. Akikataliwa, au siku 15 zikipita kimya, anapeleka lalamiko juu. Asichelewe: kikomo ni siku 90 tangu alipojua kosa. Amwone kwanza mwanasheria wa jeshi, huduma hiyo ni bure.

Njia nyingine ni ofisi ya Inspekta Jenerali wa jeshi, inayochunguza malalamiko, kwa fomu namba 1559. Sheria inakataza kumlipizia kisasi askari aliyewasiliana na ofisi hiyo au na mbunge wa Kongresi. Kulalamika Facebook hakuna kinga ya namna hiyo.

Akipewa tathmini mbovu kwa chuki, Ibara ya 138 si mlango wake. Tathmini ina rufaa yake ya peke yake, nayo hukatwa ndani ya miaka 3 tangu mwisho wa kipindi kilichopimwa. Maelezo ya mashahidi yaliyotiwa saini ayachukue mapema, maana askari huhamishwa, na baada ya mwaka mmoja wenzake watakuwa wametawanyika kambi tano.