Kwa unayerudia mtihani wa hesabu: mimi polinomia nilizishika hivi

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kibaigwa, anayerudia mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, aliniandikia hivi: "Dada shikamoo. Hesabu za namba tupu nazipata, ila zikija zile za x kipeo cha pili, x kipeo cha tatu, mikono inatetemeka. Nifanyeje?" Hizo za x zenye vipeo ndizo ziitwazo polinomia. Nimeshamjibu kwa simu. Naandika tena hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma unautaka uhandisi, uhasibu, ualimu au ukunga, na kote huko hesabu imekaa mlangoni.

Nianze na yangu. Sekondari nimesoma humu humu mkoani Dodoma. Tulipofika Kidato cha Pili, mwalimu wetu alikuwa mtu wa kujaza ubao kona hadi kona, anafuta, anajaza tena. Siku moja nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini 3x na 5x² hatuzijumlishi zikawa kitu kimoja. Akanijibu mbele ya darasa zima kwamba sisi watoto wa wafugaji tuhesabu mbuzi, x tuwaachie wenye nazo. Darasa zima likacheka. Nilikaa chini, na muhula ule sikuuliza tena kitu katika kipindi chake.

Bado inaniuma, sitaficha. Inaniuma kwa sababu swali lile lilikuwa sahihi, na ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote makini anapaswa kuuliza kuhusu polinomia. Leo nina shahada ya ualimu wa hesabu kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, na vijana wanaokuja kwangu Nkuhungu jioni kwa tuisheni wananiuliza lile lile. Hakuna hata mmoja niliyemcheka.

Aliyenijibu alikuwa dada mmoja wa Kidato cha Tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), tuliyelala naye bweni moja. Alichukua daftari langu akaandika 352. Akaniuliza, hii 3 ni tatu ya nini? Nikasema mia. Na 5? Makumi. Na 2? Mamoja. Akaandika chini yake: 3 × 10² + 5 × 10 + 2. Kisha akafuta kila 10 akaweka x: 3x² + 5x + 2. Akasema, hiyo ndiyo polinomia, umekuwa ukiiandika tangu darasa la pili.

Naomba usome aya hiyo mara mbili kabla ya kuendelea. Huwezi kujumlisha mamia na makumi ukasema umepata kitu kimoja, na kwa sababu hiyo hiyo 3x na 5x² zinabaki mbalimbali. Kila kipeo kina safu yake. Namba iliyosimama mbele ya x inakuambia zimo ngapi katika safu hiyo. Na vipeo vyenyewe lazima viwe namba nzima kuanzia sifuri kwenda juu, ndiyo maana ukiona x imekaa chini ya mstari wa kugawanya, kama 3/x, au imo ndani ya kipeuo cha pili (√), hiyo si polinomia tena.

Kujumlisha hakuna maneno mengi. Panga safu, jumlisha pamoja vya safu moja: 3x² + 5x − 2 ukiongeza x² − 7x + 6 unapata 4x² − 2x + 4. Basi.

Kutoa ndiko wanakofia wengi. Hapa Dodoma kila mtu siku hizi anazungumzia viwanja, kwa hiyo tutumie kiwanja. Upana wake ni mita x, urefu umezidi upana kwa mita 5. Eneo lake ni x(x + 5), yaani x² + 5x. Mwenye kiwanja anataka kuacha njia ya mita 2 kuzunguka pande zote kwa ndani. Upana unapungua mita 4, urefu nao mita 4, kwa hiyo kilichobaki katikati ni (x − 4)(x + 1), yaani x² − 3x − 4. Njia imekula eneo gani? Toa:

(x² + 5x) − (x² − 3x − 4) = 8x + 4

Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano inageuza kila kilichomo ndani, siyo cha kwanza peke yake. Ile −3x inakuwa +3x, ile −4 inakuwa +4. Anayegeuza cha kwanza tu ataandika 2x − 4 na kumkosesha mwenye kiwanja sehemu kubwa ya njia yake. Utajuaje umepatia? Weka namba. Kiwanja cha upana wa mita 20 kina urefu wa mita 25, eneo mita za mraba 500. Katikati ni 16 × 21, yaani 336. Tofauti ni 164, na 8 × 20 + 4 ni 164. Kwa kufanya hivyo tayari umeitumia polinomia kama fanksheni: unaipa x moja, inakurudishia jibu moja. Walimu wengi wanafundisha fanksheni Kidato cha Tatu kana kwamba ni mnyama mwingine kabisa. Ni hiyo hiyo.

Kuzidisha: kila cha mabano ya kwanza kikutane na kila cha mabano ya pili, halafu rudisha kila kitu kwenye safu yake. (x + 3)(2x² − x + 4) inatoa 2x³ − x² + 4x, kisha 6x² − 3x + 12, na jumla ni 2x³ + 5x² + x + 12. Weka x = 10 uone: upande mmoja 13 × 194, upande wa pili 2000 + 500 + 10 + 12. Vyote ni 2522.

Nilipofika chuo, siku moja nimekaa kimbwetani na kitabu cha historia ya hesabu, nikakuta kwamba mpango huu wa safu ni wa zamani mno. Mwanahisabati al-Karaji aliandika kanuni za kujumlisha na kuzidisha vipeo hivi karibu na mwaka 1000, na karne ya 12 al-Samaw'al, mzaliwa wa Baghdad, akaziweka namba kwenye jedwali, kila kipeo na safu yake, akagawanya polinomia kama tunavyogawanya namba za kawaida. Kitabu chake alikiandika akiwa na miaka 19. Umri wa mtoto wa Kidato cha Sita! Nilifunga kile kitabu nikamkumbuka mwalimu wangu na mbuzi zake.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu, mtoto akiuliza kwa nini, mjibu. Kama muda umeisha, mwambie arudi kesho. Nanyi wazazi mnaolipia tuisheni, msiulize mtoto amekariri kanuni ngapi. Mwambieni akuelezeni moja, hapo sebuleni, kwa maneno yake. Na wewe unayerudia mtihani, acha kukariri majibu ya pepa za miaka iliyopita. Umri wako si tatizo, na aliyekucheka hatakuwepo chumba cha mtihani.

Imebaki kugawanya, na hapa sharti ni moja: safu isiyo na kitu iandikie sifuri. Ukiambiwa ugawanye x³ − 4x + 7 kwa x − 2, andika kwanza x³ + 0x² − 4x + 7, kama usivyoweza kuandika mia tatu na mbili bila sifuri ya katikati. Gawanya kama ulivyofundishwa shule ya msingi: unapata x² + 2x, baki 7. Ukiweka x = 2 kwenye polinomia yenyewe unapata 8 − 8 + 7, ambayo ni 7, ile ile baki. Kila unapogawanya kwa x − a, baki ni kile unachopata ukiweka a mahali pa x.

Sasa chukua ile 2x³ + 5x² + x + 12 ya kwenye kuzidisha, uigawanye kwa x + 3. Kabla hujaanza, weka x = −3 ujue baki inapaswa kuwa ngapi. Ikikugomea, piga picha ya kazi yako yote, pamoja na ulipokatakata, unitumie.