Maswali ya Msimbo: Namba Moja, Faili Saba

*Shikamoo mwalimu. Programu yangu ya duka, ya Python, ina mistari 3,000 kwenye faili moja na inafanya kazi. Moduli za nini?* (Kariakoo)

Marahaba. Moduli ni faili yenye kazi yake moja, ambayo faili nyingine huiita. Yako inafanya kazi leo. Niliwahi kuitwa kwenye duka ambalo baadhi ya wateja walikuwa hawapati risiti kwa SMS. Fundi aliyetangulia aliandika kipande cha kusafisha namba ya simu, yaani kuondoa nafasi na kugeuza sifuri ya mwanzo iwe 255, kisha akakikopi kwenye faili saba. Mbili kati ya hizo zilikubali namba za 07 peke yake. Mwenye 06 analipa, anasubiri ujumbe, anaondoka na hasira. Nilitafuta kutwa nzima kosa la nusu mstari.

Kipande hicho kikae simu.py, wengine wote wakiite kutoka hapo. Wala usigawe programu kwa kuhesabu mistari. David Parnas, mwanasayansi wa kompyuta, alishaandika mwaka 1972 kwamba kila moduli ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika. VAT yetu ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009. Ikibadilika tena, utafungua faili ngapi? Kama jibu si moja, anza kupanga leo.

*Naandika import random, yaani kuita moduli ya namba za bahati nasibu, naambiwa fanksheni yake ya randint haipo. Python imeharibika?* (Sinza)

Haijaharibika. Faili yako mwenyewe umeiita random.py. Python huanza kutafuta kwenye folda ya programu unayoiendesha, ndipo iende kwenye maktaba yake. Swali hili nalipata kila mara, na dawa ni ileile: chapisha random.\_\_file\_\_ uone imechukua faili ipi. Jamani, tuchunguze kabla ya kuuliza.

*\_\_init\_\_.py ni lazima kwenye folda ya moduli?*

Tangu Python 3.3, hapana. Weka tu, anayekuja baada yako ajue folda hiyo ni pakeji, yaani mkusanyiko wa moduli.

*mauzo.py inaita stoo.py, na stoo.py inaita mauzo.py. Inagoma.* (Mbagala)

Lazima igome: moja inaomba kitu ambacho nyingine haijamaliza kukiandaa. Wanachokitumia wote wawili kihamishie faili ya tatu, kwa mfano bidhaa.py. Wengi huificha import ndani ya fanksheni, kosa likatoweka, wakadhani wamepona. Mzunguko bado upo. Na hiyo faili ya tatu usiiite utils.py, yaani zana za jumla! Nimefungua utils nyingi, na karibu zote ni jalala.

*Rafiki kanitumia jina la pakeji WhatsApp. Nisakinishe?* (Ubungo)

Usisakinishe mpaka uhakikishe jina herufi kwa herufi kwenye ukurasa rasmi wa mradi. Wahalifu hupakia kwenye PyPI, hazina ya pakeji za Python, pakeji zenye majina yanayofanana na zile maarufu, na msimbo wao unaweza kukimbia wakati uleule wa kusakinisha, kwenye kompyuta yenye nywila zako zote.

Pia jiulize kama unaihitaji kweli. Machi 2016 mwenye pakeji ya left-pad aliiondoa kwenye npm, hazina ya pakeji za JavaScript. Ilikuwa na mistari 11 tu, ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi, lakini miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa. Mistari 11 unaweza kuiandika mwenyewe jioni moja. Pakeji usizoweza kuziandika, funga namba ya toleo la kila moja kwenye requirements.txt, faili inayoorodhesha pakeji za programu, na ufanye hivyo kabla hujampelekea mteja chochote.