Nyama Ikishatoka Dirishani: Kwa Mdogo Wangu Aliyefungua Jiko la Kufungasha

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Amefungua sehemu ya nyama choma ya kufungasha tu: hakuna viti wala meza, ni dirisha na jiko kwa nyuma. Anasema watu wakionja pale dirishani wanamsifu, halafu jioni wanaandika mtandaoni kwamba nyama ni ngumu, imepoa, imelowa. "Wateja wana roho mbaya," ameandika. "Wewe uliwezaje?"

Mdogo wangu, nimekaa na ujumbe wako siku tatu bila kujibu, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti, mbele ya foleni.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Wa kwanza siusimulii, ulikuwa wa kuwasha moto na kuhesabu hasara, na kila mwenye jiko anaujua. Mwaka wa pili foleni ilianza kufika barabarani, na mimi nikaanza kujiona fundi. Jumamosi moja mama mmoja, mteja wangu wa kila wiki, alirudi na boksi lake. Akaliweka dirishani, akalifungua, akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, hebu tazama. Kuku ana wekundu, ngozi imekuwa kama kitambaa kilicholowa, na sosi imemwagikia kila kitu."

Alisema mambo matatu, mimi nikashika moja tu, wekundu, kwa kuwa hilo ndilo nililojua kulijibu.

Nikamweleza kwamba moshi wa kuni una gesi zinazoshikana na protini ya nyama iitwayo mayoglobini, na kwamba rangi ile hubaki hata nyama ikiiva sawasawa. Ni kweli, na hata leo nitakwambia hivyohivyo. Lakini nilimweleza kwa sauti ya mwalimu anayemkaripia mtoto, na watu wanane wamesimama nyuma yake wanasikia. Nikamalizia kwa kumwambia kama hajazoea nyama ya moshi akanunue ya kukaanga. Akafunga boksi, akaliacha pale pale, akaondoka. Hajarudi. Ni miaka sita sasa, na nikiona mwanamke mwenye umbo lake kwenye foleni moyo bado unanishtuka.

Kuna jambo sikumwambia mtu yeyote siku ile. Sikuwa na kipimajoto. Nilikuwa najua kuku ameiva kwa kumtazama na kumbonyeza. Kuku anatakiwa afike nyuzi 74 za Selsiasi pale alipo mnene zaidi, na mimi nilimwapia mama wa watu kwamba ameiva ilhali sikuwa nimepima chochote. Kipimajoto nilikinunua Jumatatu yake. Tangu siku hiyo mtu akiuliza kuhusu wekundu, sibishani. Nachoma nyama kwa sindano ya kipimajoto mbele yake, anasoma namba mwenyewe, basi.

Lakini hayo mengine mawili, ngozi na sosi, yalinikosesha usingizi zaidi, kwa sababu ndani ya moyo wangu nilijua sijawahi kuyaona. Mimi nilikuwa nakula nyama yangu nimesimama jikoni, ikitoka tu motoni. Sikuwahi kuila kama anavyoila yeye. Kwa hiyo Jumapili nilijifungashia oda kamili: boksi lilelile, foili ileile, mfuko uleule niliofunga fundo. Nikaenda nayo nyumbani, nikaiacha mezani mpaka dakika arobaini zikatimia tangu itoke jikoni, ndipo nikafungua.

Ngozi niliyoipigania kwa saa mbili motoni ilikuwa imenyong'onyea. Nyama ya moto ikifungiwa mahali pasipo na tundu hutoa mvuke, mvuke unagonga kifuniko, unageuka maji na kurudi juu ya nyama. Vipande vya kidari cha ng'ombe nilivyokata vyembamba ili vipendeze vilikuwa vimepoa na kukauka kingo. Sosi ilikuwa imefika hadi kwenye mkate. Nilikula chote, kimya, na sikufurahia hata tonge moja. Mama yule alikuwa ananieleza kilichokuwemo ndani ya boksi, wala hakuwa na roho mbaya hata kidogo.

Niliyobadilisha ni machache. Boksi la kuku lina matundu, na simfungi akiwa anafuka. Namwacha atulie kidogo kwanza. Sosi inakaa peke yake kwenye kikopo chenye kifuniko. Kidari nakiuza kipande kizima kwa anayesafiri mbali, akate mwenyewe mezani, kwa sababu kipande kizima hutunza joto na maji kuliko kilichokatwa. Nyama inayosubiri mteja haishuki chini ya nyuzi 60. Na kila mfuko una karatasi ndogo inayomwambia asiiache nje zaidi ya saa mbili, na akitaka kuipasha aifunike, aweke maji kidogo na moto wa wastani. Karatasi hiyo imenipunguzia malalamiko kuliko kitu kingine chochote, na najivunia kwamba niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Utalaumiwa pia juu ya uzito. Kidari kikikaa motoni hupoteza theluthi moja ya uzito wake au zaidi, maji na mafuta vinaondoka. Mteja anayeona boksi jepesi anadhani umemwibia. Mwambie mapema kama unapima mbichi au iliyoiva, kabla hajalipa. Akishalipa, maelezo yoyote yanageuka kisingizio.

Na usimdanganye kuhusu muda. Wewe unajua kidari kikifika nyuzi 65 hadi 75 hivi joto hukwama, wakati mwingine kwa saa kadhaa, kwa sababu maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza kama jasho linavyotupoza sisi. Hakuna anayeweza kuiharakisha kwa maneno. Ukimwambia "dakika kumi tu" akasubiri saa nzima, hata ukimpa nyama bora kuliko zote ataila na hasira. Sema bado. Sema imekwisha. Nimewapoteza wachache kwa kusema imekwisha, na wengi wao walirudi kesho yake mapema.

Ninachokuomba hasa, mdogo wangu, ni umsikilize mtu hadi amalize. Hesabu alichosema. Kama amesema mambo matatu, mjibu matatu, na uanze na lile linalokuuma. Usishike lile unalojua utashinda. Mwenye njaa aliyefungua boksi nyumbani kwake, watoto wamezunguka meza, akakuta kitu kingine na alichokinusa dirishani, ameaibika mbele ya watu wake kwa ajili yako. Wewe unaumia kwa maneno ya mtandaoni, naye aliumia kabla yako.

Jumapili hii funga mapema kidogo. Jifungashie oda inayolalamikiwa zaidi, uende nayo nyumbani kwa njia wanayopita wateja wako, usiifungue mpaka dakika arobaini ziishe. Kisha uniandikie ulichokuta.