Punje moja katika magunia mia tatu

Mara ya kwanza kualikwa na kikundi cha kina mama Kawangware niwaeleze kuhusu sumukuvu, au aflatoksini, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, nilienda na mfano nilioupenda sana. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya katika mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni. Nilikuwa nimepiga hesabu: ni kama uzito wa punje moja katika magunia mia tatu na ushee ya kilo 90. Wanafunzi wa chuo walikuwa wameufurahia mno.

Kina mama wakatazamana. Mmoja, muuza githeri, akaniuliza: "Sasa mwanangu, kama ni kidogo hivyo, si inaisha ikichemka?"

Haiishi. Maji yanayotokota hayana joto la kuivunja. Lakini nani alimfikisha huko kama si mimi? Nilitaka waone udogo wa kipimo, nao wakaondoka na udogo wa hatari. Wanafunzi walitaka kujua maabara inapimaje; huyu mama alitaka kujua kesho kwenye soko la nafaka la Nyamakima anunue gunia lipi.

Siku hizi, kabla sijaandaa chochote, najiuliza msikilizaji wangu akitoka hapa ataamua nini. Kwa wapishi nabeba chupa kavu ya kioo, chumvi kavu na mahindi kidogo. Natikisa, naiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi, na gunia hilo ukiliweka stoo litaota kuvu. Halafu nasema jambo ambalo, kusema kweli, huwa natamani kuliruka kwa sababu linaharibu utamu wa onyesho: chupa inapima unyevu, si sumu. Mahindi makavu kau yanaweza kuwa yalishaingiwa tangu shambani. Siliruki tena.

Kwa maafisa wa kaunti chupa naiacha nyumbani. Naanza na mwaka 2004, sumukuvu ilipolipuka, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Kisha ukurasa mmoja kuhusu vikaushio na gharama zake. Wenye bajeti hawasomi wa pili.

Yule muuza githeri sasa huenda sokoni na chupa yake mkobani. Anasema kuna mfanyabiashara ambaye akimwona tu anaitoa, humwambia, "Ngoja mama, hayo acha, nikuonyeshe ya kule nyuma."